Talaka Kama Zawadi: Ndoa, Ridhaa na Ukimya katika Filamu ya Mouna Ragam

Filamu ya Kitamil iitwayo Mouna Ragam, yaani wimbo wa kimya, ilianza kuoneshwa tarehe 15 Agosti 1986, na tangu hapo imekuwa ikisimuliwa kwa muhtasari ambao si wa uongo lakini unapotosha: binti aliyempoteza mpenzi wake anaozwa mtu asiyemjua, anamchukia, kisha taratibu anampenda, na ndoa iliyopangwa na wazazi inashinda. Anayeisimulia hivyo huwa ameruka jambo linaloisukuma hadithi nzima. Mume, katika siku za mwanzo kabisa za ndoa, anamwuliza mkewe anataka zawadi gani, naye anajibu kwamba anataka talaka. Na mume, baada ya kumsikiliza, anakubali kumpa. Kila tukio linalofuata linatokana na jibu hilo, na jibu hilo halieleweki vizuri mpaka mtu ajue ridhaa ya msichana wa Kitamil ilikuwa ikipatikanaje, thali inayofungwa shingoni mwa bibi harusi ina uzito gani, na sheria ya India ilimruhusu nini mwanamke aliyetaka kuachana na mume ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kwanza tuweke hadithi sawa. Divya, anayeigizwa na Revathi, ni mwanafunzi mchangamfu wa jijini Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai. Siku ambayo Chandrakumar, anayeigizwa na Mohan, anakuja na jamaa zake kumwona, Divya anachelewa makusudi, anacheza kwenye mvua na kurudi nyumbani akiwa ameloa, akitumaini kwamba wageni wamekwisha kuchoka na kuondoka. Anamkuta mgeni bado yuko. Anazungumza naye faraghani na kujitaja kasoro zake zote ili amkatishe tamaa, lakini ukweli huo ndio unaomvutia Chandrakumar. Divya anazidi kukataa mpaka baba yake anapopatwa na mshtuko wa moyo, na hapo anakubali. Wanaoana, wanahamia Delhi ambako mume anafanya kazi, na Divya anamwambia wazi kwamba akiguswa naye anahisi kama kiwavi kinamtambaa mwilini. Baadaye anamweleza habari za Manohar, kijana mkorofi mwenye huruma aliyeigizwa na Karthik, ambaye alikuwa afunge naye ndoa mbele ya msajili, lakini akauawa kwa risasi ya polisi siku ileile.

Wanandoa hao wanakwenda kutafuta talaka na wanaambiwa kwamba, kwa kuwa ndoa yao bado changa, hawana budi kusubiri mwaka mmoja. Mwaka huo ndio filamu. Chandrakumar anashambuliwa na watu kwa sababu ya mgogoro wa kazini, Divya anamwuguza, na moyo wake unageuka pole pole huku mume, aliyekwisha kujiandaa kumpoteza, akijifanya mkavu. Mwisho wake uko kwenye kituo cha treni, na sitauficha, kwa sababu hoja ya makala haya inategemea mwisho huo: Divya anakiri kwamba anampenda, anakabidhiwa karatasi za talaka zilizokwisha kutiwa saini, anazichana, treni inaondoka naye, na mume anaikimbilia na kuidandia.

Mwongozaji wake, Mani Ratnam, alikuwa na umri wa miaka 30, na hii ilikuwa filamu yake ya tano baada ya moja ya Kikannada, moja ya Kimalayalam na mbili za Kitamil ambazo hazikumpa jina alilolitaka. Mtayarishaji alikuwa kaka yake, G. Venkateswaran. Mouna Ragam ilipata tuzo ya taifa ya India ya filamu bora ya Kitamil, na ndiyo iliyomfungulia mwongozaji huyo milango ya kazi zake kubwa zilizofuata.

Turudi kwenye ile siku ya mvua. Katika familia za Kitamil za tabaka la kati, posa huwa na hatua ambayo jamaa za kijana hufika nyumbani kwa binti kumwona, kwa kawaida baada ya nyota za wawili hao kulinganishwa na mnajimu na kuonekana zinapatana. Binti hutoka akiwa amevaa sari ya hariri, huwapa wageni kahawa na vitafunio, pengine huombwa aimbe, na katika dakika chache hizo anapimwa na watu ambao huenda ataishi nao hadi kufa. Kwa desturi kuna njia nyingine inayoondoa ugeni huu, nayo ni kuoa mtoto wa mjomba au wa shangazi, jambo ambalo Watamil wamelipenda kwa karne nyingi na ambalo msomaji wa pwani yetu, aliyezoea msemo wa binamu nyama ya hamu, halimshangazi. Tofauti ni kwamba kwa Watamil watoto wa ndugu wawili wa kiume, au wa dada wawili, huhesabiwa kuwa ndugu kabisa na hawaoani. Divya hana binamu anayemngoja. Anayemngoja ni mgeni kutoka Delhi.

Je, Divya aliridhia? Hapa ndipo watazamaji wengi hupita haraka mno. Wasomaji waliosoma fiqhi wanaijua kanuni kwamba kunyamaza kwa mwanamwali anapoulizwa habari ya ndoa ni idhini yake. Mouna Ragam imejengwa juu ya hali iliyo kinyume na hiyo: Divya anatamka ndiyo kwa kinywa chake, na kimya kinachofuata ndicho kinachokataa. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya 1955, inayowahusu wahusika hawa, inaruhusu mahakama kuibatilisha ndoa ikiwa ridhaa ya mmoja wao ilipatikana kwa nguvu au kwa hila, mradi shauri lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu nguvu hiyo ikome au hila igundulike. Lakini ni nguvu gani iliyotumika kwa Divya? Hakupigwa, hakufungiwa ndani, hakudanganywa kuhusu mume. Baba yake aliugua. Hofu ya kumwua mzazi kwa kukataa haimo katika hesabu ya sheria, na kwa hiyo ndoa yake ni halali kabisa ijapokuwa kila anayetazama anajua kwamba haikutoka moyoni. Pengo hilo, kati ya ridhaa ambayo hakimu angeikubali na ridhaa ambayo mtu mwenyewe angeitambua kuwa yake, ndilo filamu inalolichunguza. Suala la kama mapenzi ya kujichagulia ni bora kuliko ndoa ya wazazi ni dogo mno kwake.

Kuhusu thali, msomaji asiyeijua anahitaji maelezo kidogo. Ni kidani, mara nyingi cha dhahabu, kinachoning'inia kwenye uzi uliopakwa manjano, na umbo lake hutofautiana kufuata jamii na koo. Bwana harusi anapoufunga uzi huo kwa mafundo matatu, wapiga nadaswaram, aina ya zumari ndefu, na thavil, aina ya ngoma, huongeza kasi na sauti ghafla, ili neno lolote la nuksi lisisikike katika dakika hiyo. Kisheria mambo ni tofauti kidogo: pale ambapo taratibu za ndoa zinajumuisha kutembea hatua saba mbele ya moto, sheria ya 1955 inasema ndoa hukamilika kwa hatua ya saba. Lakini mtazamaji wa sinema za Kitamil hahesabu hatua. Anatazama mafundo.

Nguvu ya mafundo hayo ilionekana miaka mitano kabla, katika filamu ya K. Bhagyaraj iitwayo Antha 7 Naatkal ya 1981. Humo pia kuna mwanamke aliyeolewa huku akimpenda mwingine, na kuna mume mwungwana ambaye, alipoujua ukweli, anaahidi kumrudisha kwa mpenzi wake. Siku inapofika, mwanamke hawezi kukubali thali ivuliwe shingoni mwake, na mpenzi anaondoka mikono mitupu. Hadithi hiyo ilipendwa sana hata ikarudiwa kwa Kihindi mwaka 1983. Ukiziweka filamu hizi mbili pamoja unaona kile ambacho Mani Ratnam alikiondoa. Katika ile ya 1981, jibu linatoka kwenye uzi: mke ameshafungwa, na heshima yake ni kutii fundo. Katika ile ya 1986 thali ipo shingoni mwa Divya tangu mwanzo na haimsaidii chochote. Haimfanyi ampende mume, haimfanyi amwogope, na wala si yenyewe inayomrudisha. Mapambo yanayobeba maana ni vikuku vya miguuni ambavyo mume anamnunulia, ambavyo hakuna sheria wala dini inayomlazimisha kuvivaa, na siku anapovivaa kwa hiari yake ndipo tunapojua kwamba kuna kilichobadilika.

Mtu akidhani kwamba uhuru huu wa kuidharau thali ulitoka hewani, au kwamba ulitoka Ulaya, atakuwa hajaijua Tamil Nadu, jimbo la Watamil. E. V. Ramasamy, anayejulikana kwa jina la heshima la Periyar, alianzisha vuguvugu lake la kujiheshimu mwaka 1925, akapinga ukuhani, matabaka na desturi zinazomdhalilisha mwanamke, na tangu mwaka 1928 wafuasi wake walifunga ndoa bila kasisi wa Kibrahmini na bila mantra za Kisanskriti. Katika miaka ya 1950 Mahakama Kuu ya Madras ilisema ndoa za namna hiyo hazikuwa halali. Chama cha DMK kilipoingia madarakani mwaka 1967 chini ya C. N. Annadurai, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuifanyia marekebisho sheria ya ndoa katika jimbo hilo: wawili wakibadilishana mashada ya maua au pete, au mmoja akamfunga mwenziwe thali, mbele ya jamaa au marafiki, na wakatamka kwamba wanaoana, inatosha, na zile ndoa za zamani nazo zikahalalishwa. Annadurai alikuwa mwandishi wa filamu. Mrithi wake, M. Karunanidhi, alikuwa mwandishi wa filamu pia. Katika jimbo hilo mabishano juu ya nani ana haki ya kumfungisha nani ndoa yalipitia bungeni na kwenye skrini kwa mikono ya watu walewale, na ndiyo maana mtazamaji wa Madras hakuhitaji kufundishwa kwamba ndoa ni jambo linaloweza kujadiliwa.

Sasa tuje kwenye talaka yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya filamu iliyofikiriwa kwa makini kuliko watu wanavyoipa sifa. Kwa muda mrefu Uhindu wa maandiko haukuitambua talaka, ingawa jamii nyingi zisizo za tabaka la juu zilikuwa nayo kwa mila. Sheria ya 1955 iliileta kwa Wahindu wote, lakini kwa msingi wa kosa: mlalamikaji alipaswa kuonesha uzinzi, au mojawapo ya sababu nyingine zilizoorodheshwa, ambazo mwaka 1976 ziliongezewa ukatili na kutelekezwa. Divya hana hata moja. Mumewe hampigi, hana mwanamke mwingine, hamtelekezi, na kadiri anavyokuwa mwema ndivyo anavyomfungia mkewe mlango wa mahakama. Njia pekee iliyobaki ni ile iliyoongezwa na marekebisho ya mwaka 1976, katika kifungu cha 13B, yaani talaka ya maridhiano ambayo wote wawili wanaiomba pamoja bila kumtia yeyote hatiani. Hadithi hii, kwa jinsi ilivyo, isingewezekana miaka kumi na mmoja kabla. Divya angebaki au angetoroka. Hakukuwa na la tatu.

Na kwa kuwa njia hiyo inahitaji saini mbili, mume anakuwa na ufunguo. Divya hawezi kuichukua talaka. Ni lazima apewe. Kwa hiyo neno zawadi, ambalo katika tukio lile linasikika kama kejeli ya mwanamke mwenye uchungu, ni maelezo sahihi kabisa ya hali yake kisheria. Mtazamaji anayedhani Chandrakumar anakubali kwa upole tu anakosa kuona kwamba anakabidhi kitu ambacho hakuna hakimu angeweza kumnyang'anya.

Mwaka wa kusubiri nao una maelezo yake. Sheria ya 1955 ilikataza mtu kuomba talaka kabla ya miaka mitatu ya ndoa, na marekebisho ya 1976 yaliipunguza miaka hiyo ikawa mmoja, isipokuwa kwa mateso ya kipekee. Wazo hilo si geni kwetu: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inakataza kuomba talaka kabla ya miaka miwili bila idhini ya mahakama. Lakini kifungu cha 13B kinadai jambo jingine ambalo linaonekana kugongana na hadithi, kwani kinataka wanandoa wawe wameishi mbalimbali kwa mwaka mmoja au zaidi, ilhali Divya na Chandrakumar wanakaa nyumba moja, wanakunywa kahawa jikoni pamoja na kupishana ukumbini. Je, mwandishi wa filamu alikosea? Mwaka 1991, miaka mitano baada ya filamu, Mahakama ya Juu ya India iliamua katika shauri la Sureshta Devi kwamba kuishi mbalimbali maana yake ni kutoishi kama mume na mke, na kwamba watu wanaweza kuwa chini ya paa moja na bado wakahesabika kuwa wametengana. Hiyo ndiyo picha halisi ya ile nyumba ya Delhi. Hukumu hiyohiyo ilisema pia kwamba mmoja wao anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote kabla mahakama haijatoa amri ya mwisho, kwa hiyo Divya anapochana karatasi kituoni, kitendo chake kina maana kisheria pia, si machozi tu ya sinema. Filamu imerahisisha jambo moja kubwa: saini peke yake haimalizi ndoa, kwa sababu baada ya kufungua ombi sheria iliwataka wangoje miezi sita mingine kisha warudi kulithibitisha.

Kuna upande wa giza ambao filamu haiutaji kwa jina lakini inaukwepa kwa namna inayoonesha kwamba inaujua. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 9, inampa mwanandoa haki ya kuiomba mahakama imwamuru mwenziwe arudi kuishi naye. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Andhra Pradesh ilikitupa kifungu hicho katika shauri lililomhusu mwigizaji wa filamu wa Kusini mwa India, ikisema kinaukabidhi mwili wa mwanamke kwa dola. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakirudishia uhalali wake katika shauri jingine. Mabishano hayo yalikuwa bado ya moto wakati Mouna Ragam inaandaliwa. Zaidi ya hayo, kanuni ya adhabu ya India haikumhesabu mume kuwa mbakaji wa mkewe aliye mtu mzima. Chandrakumar anapoambiwa habari ya kiwavi na kuondoa mkono wake, hakuna sheria iliyomlazimisha kuuondoa. Wema wake umeachiwa kazi ambayo ilipaswa kufanywa na sheria, na hapo ndipo mimi huona kwamba sifa anazomiminiwa mhusika huyu zimezidi kidogo: anasifiwa kwa kutofanya jambo ambalo halikupaswa kuwa katika uwezo wake.

Habari za Manohar zinahitaji tahadhari, kwa sababu ndizo zinazopendwa zaidi na ndizo zinazoivuruga hoja. Karthik anaonekana kwa sehemu ndogo tu ya filamu lakini amebaki katika kumbukumbu za watu kuliko waigizaji wengine, hasa kwa lile tukio la mkahawani anapomwita baba yake Divya kwa sauti mbele ya watu, Mister Chandramouli, mpaka mzee anababaika. Jina hilo lilikuja kuwa jina la filamu nyingine mwaka 2018, Karthik mwenyewe akicheza pamoja na mwanawe. Mani Ratnam ameeleza kwamba katika wazo lake la awali Manohar hakuwepo. Ilikuwa hadithi ya msichana anayejikuta usiku wa kwanza na mtu asiyemjua. Mpenzi aliyekufa aliongezwa ili watazamaji waelewe kwa nini Divya anamkataa mtu mwema. Ninaelewa sababu za biashara, lakini gharama yake si ndogo. Bila Manohar, kumkataa mgeni aliyeletwa na wazazi kungehitaji sababu moja tu, kwamba ni mgeni. Manohar akishaingia, kukataa kunageuka kuwa maombolezo, na maombolezo hupoa yenyewe kwa wakati. Aidha, kwa kuwa Manohar ameshakufa, Divya hana wa kumchagua badala ya mumewe, na mizani inakuwa imeelemea upande mmoja kabla hajapima.

Hata hivyo nyongeza hiyo ilileta jambo ambalo huenda halikukusudiwa. Sarufi na ushairi wa kale wa Kitamil, kama ulivyopangwa katika Tolkappiyam, kitabu chao cha kale cha sarufi, huyagawa mapenzi katika kalavu, ambayo ni mapenzi ya siri ya wasiooana bado, na karpu, ambayo ni maisha ya ndoa. Katika mashairi ya zama za Sangam, yaani zama za ushairi huo wa kale, hatua hizi mbili humhusu mwanamume mmoja: anayekutana na msichana kwa siri mlimani ndiye anayekuja kumwoa. Mouna Ragam imezigawa kati ya wanaume wawili, mmoja akapewa siri na kicheko, mwingine akapewa nyumba na kimya. Hata ile ndoa iliyokusudiwa ya Manohar ni ya msajili, bila wazazi, na hapa filamu inafanya haraka ambayo sinema nyingi za India huifanya, kwani Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954 inataka notisi ya siku 30 na mashahidi watatu, na wapenzi wanaokimbia kwenye skrini huwa hawana hata siku moja ya kungoja.

Kuihamishia hadithi Delhi hakukuwa urembo wa mandhari. Tamil Nadu ilikuwa imepigana dhidi ya Kihindi kulazimishwa kuwa lugha pekee rasmi ya nchi, na ghasia za mwaka 1965 zilimwaga damu. Tangu mwaka 1968 shule za serikali za jimbo hilo zilifundisha Kitamil na Kiingereza tu. Msichana msomi wa Madras anapofika Delhi anafika karibu kama bubu. Majirani, wauzaji, madereva wote wanazungumza lugha asiyoijua, na mtu pekee nyumbani anayemwelewa ni yule ambaye hataki kusema naye. Msomaji aliyezoea kuita kila kitu kinachotoka kule filamu ya Kihindi hana budi kulikumbuka hili, maana katika filamu hii Kihindi ndicho kinachomfanya mhusika mkuu awe mgeni.

Kimya hicho kimetengenezwa kwa ustadi. P. C. Sreeram, mpiga picha, aliacha ule mtindo wa kuimulika kila kona na akairuhusu nusu ya chumba ibaki gizani, mwanga ukiingia kwa dirisha nyuma ya watu, kiasi kwamba mara nyingi tunaona umbo la Divya kabla ya uso wake. Muziki ni wa Ilaiyaraaja na mashairi ya Vaali. Wimbo wa mvua wa mwanzoni, unaoimbwa na S. Janaki, ni wa Divya kabla hajaolewa; akishaolewa, anayeimba kuhusu maumivu ya nyumba ile ni mume, kwa sauti ya S. P. Balasubrahmanyam, katika Nilaave Vaa na Mandram Vandha. Mtu ambaye katika mazungumzo husema maneno machache anapewa nyimbo zinazosema yote, na mkewe hazisikii. Ni sisi tunaozisikia. Sioni mbinu nyingine katika filamu hii iliyofanya kazi kubwa zaidi ya kutufanya tumhurumie, na mtazamaji makini atajiuliza kwa nini Divya, ambaye kimya ni chake, hakupewa wimbo wa aina hiyo.

Mani Ratnam aliirudia mada hii mwaka 2000 katika Alaipayuthey, akiwa na R. Madhavan na Shalini, na safari hii akaondoa kila shinikizo. Wahusika wake, Karthik na Shakthi, wanapendana, familia zao zinakosana, wanaoana kwa siri hekaluni na kila mmoja anarudi kulala kwa wazazi wake. Ile kalavu na karpu zinakaa tena kwa mwanamume mmoja, ila kwa mpangilio uliopinduka, kwa sababu siri inakuja baada ya ndoa. Hakuna baba aliyeugua, hakuna aliyelazimishwa, na bado wakishaanza kuishi pamoja wanagombana juu ya mambo madogo hadi nyumba inakuwa nzito. Filamu hiyo ilirudiwa kwa Kihindi mwaka 2002 kwa jina la Saathiya, na huenda ndiyo njia ambayo wasomaji wengi wa huku waliifahamu. Mwongozaji Atlee, katika Raja Rani ya 2013, alirejea kwenye ndoa ya watu wasiotakana, lakini akampa mume naye mpenzi wake aliyepotea, na kwa kufanya hivyo akarekebisha kasoro ya Chandrakumar, ambaye ni mtu asiye na jana yoyote.

Divya wa leo angeambiwa nini na wakili wake mjini Delhi? Mwaka mmoja wa kutengana bado umeandikwa katika kifungu cha 13B, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema ile miezi sita ya nyongeza inaweza kusamehewa pale ambapo hakuna matumaini ya kupatana, na mwaka 2023 ikathibitisha kwamba yenyewe inaweza kuivunja ndoa iliyokwisha kufa hata kama mmoja wao anapinga. Saini ya mume, basi, si kufuli tena kwa kiwango kilekile, ingawa kufika kwenye mahakama hiyo si jambo la mtu wa kawaida. Sheria ya mwaka 2005 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili wa nyumbani inautambua unyanyasaji wa kingono na kumpa mke haki ya kuomba amri ya ulinzi. Kanuni mpya ya adhabu iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, hata hivyo, imeibakiza kinga ya mume wa mke aliye mtu mzima, kwa hiyo mbele ya sheria ya jinai Divya huyo bado angetegemea kwamba mgeni aliyeletwa na wazazi wake ni mtu anayeondoa mkono anapoambiwa auondoe.